Kasi ya memori kadi isipimwe kwa namba kubwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanunuzi wa memori kadi zenye kasi, aina ya SD, kwa ajili ya kamera. Namba kubwa iliyochapishwa usoni mwa kadi, tuseme 200 MB/s (megabaiti kwa sekunde), kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta. Kamera inahitaji kasi ya kuandika, tena isiyoshuka. Hiyo itafute kwenye alama ya V: V30 ni angalau megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90.

Video ya megabiti 400 kwa sekunde, ukigawa kwa 8 (baiti moja ni biti 8), ni megabaiti 50. Ukiweka V30, kamera inaweza kukatisha kurekodi katikati, chukua V60. Kwa picha za mfululizo, hasa za RAW (picha ghafi, faili kubwa), kikwazo ni bafa, yaani kumbukumbu ya muda ndani ya kamera: ikijaa, kamera hupunguza mwendo mpaka kadi imalize kuandika.

Geuza kadi utazame nyuma. UHS ni kiwango cha kasi ya mawasiliano kati ya kadi na kamera: safu mbili za pini ni UHS-II, safu moja ni UHS-I, ambayo kikomo chake rasmi ni megabaiti 104 kwa sekunde. Tundu la kamera likiwa la UHS-I, kadi ya UHS-II itaingia na kufanya kazi, ila kwa mwendo wa UHS-I. Muuzaji hatakwambia hilo. Na kamera ikiandika nakala kwenye matundu mawili, kadi ya polepole ndiyo huamua mwendo.

Kadi mpya ijaze yote kwa H2testw, programu ya kompyuta ya Windows inayojaza kadi na kuhakiki ujazo wake, kwani kadi bandia hudai ujazo isio nao. Kisha ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Msomaji wako,
Mpiga picha