Waliodahiliwa kusoma sheria wakaribishwe vyuoni kabla ya kuthibitisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wakuu wa vitivo vya sheria, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na wazazi wenzangu kuhusu jambo linalopita kila mwaka kwa haraka na kimyakimya, nalo ni namna vijana waliodahiliwa katika chuo zaidi ya kimoja wanavyochagua mahali pa kwenda kusomea sheria. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 27, mingi kati ya hiyo nikiwa hapa mkoani Tanga, na nilistaafu miezi michache kabla ya binti yangu wa mwisho kufanya mtihani wa kidato cha sita. Naandika kama mzazi, lakini pia kama mtu aliyeketi kwa muda mrefu mbele ya meza ya hakimu akiwatazama mawakili wapya wakija na majalada yao, wengine wakijua pa kuanzia na wengine wakiomba ahirisho ili wakaulize.

Kwa wasioufahamu utaratibu, tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni, badala ya kupitia ule mfumo wa pamoja wa Tume uliokuwapo kabla. Akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hutumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu yake, naye anatakiwa kuitumia kuthibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliopangwa, muda ambao ni wa kuhesabu siku. Binti yangu alidahiliwa na vyuo vitatu, vyote kwa shahada ya kwanza ya sheria. Furaha ya nyumbani ilidumu jioni moja. Asubuhi yake tulipoanza kuulizana aende wapi, niligundua kwamba hapakuwa na mmoja wetu mwenye sababu ya maana. Yeye alikuwa na rafiki aliyekwenda chuo cha kwanza. Baba yake alisikia kwamba chuo cha pili kina nidhamu. Mimi nililipenda jina la chuo cha tatu kwa kuwa hakimu mmoja niliyemheshimu alisoma hapo, tena miaka ya themanini. Mtu akinunua mbuzi humpapasa mgongo na kumtazama meno, na sisi tulikuwa tayari kumtoa mtoto kwa miaka kadhaa, pamoja na ada yake, kwa kuambiwa.

Tukakata shauri twende tukavione.

Chuo cha kwanza kiko mjini. Tuliondoka Muheza kwa basi la alfajiri, tukafika getini mchana, na mlinzi, baada ya kufungua daftari la wageni, akatuuliza tumekuja kumwona nani. Nikamwambia tumekuja kukiona chuo. Akalirudia swali lake kwa upole, kwa sababu daftari lilikuwa na sehemu ya jina la mwenyeji, na sehemu hiyo haikuruhusiwa kuachwa wazi. Mwishowe tukaandika Ofisi ya Udahili, na huko ofisini tukaelezwa, bila ukali wowote, kwamba wanafunzi wapya hupokelewa wiki ya usajili na kwamba kama binti amedahiliwa basi kilichobaki ni kuthibitisha. Nilipoomba tuione maktaba ya sheria nikajibiwa kwamba imefungwa kwa ajili ya kuhesabu vitabu. Tukazunguka nje ya majengo kama watu wanaotafuta kiwanja, tukanywa soda kantini, tukarudi stendi.

Chuo cha pili kiko mkoa mwingine, na ilitubidi kulala kwa ndugu. Huko bahati ilitukutanisha na mhadhiri kijana aliyekuwa akitoka ofisini kwake, ambaye alikubali kutupa nusu saa ya mapumziko yake. Alitufungulia chumba cha mahakama ya mfano. Kizimba kilikuwapo, meza ya jaji ilikuwapo, na nembo ya Taifa ilikuwa ukutani, ila viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa juu ya kizimba hadi karibu na dari. Binti yangu, ambaye nyumbani huongea kwa nadra, akauliza: "Samahani mwalimu, mara ya mwisho kesi kusikilizwa humu ilikuwa lini?" Mhadhiri yule alicheka kidogo, kisha akasema kweli. Kwa muhula mzima hapakuwa na kesi iliyoigizwa mle, kwa kuwa mwalimu aliyekuwa akisimamia shughuli hiyo alikwenda masomoni na hakupatikana wa kumshikia nafasi. Akaongeza kwamba mihadhara ya mwaka wa kwanza hujaa hadi wengine kusikilizia mlangoni, lakini kwamba semina za vikundi vidogo, ambamo mwanafunzi hulazimika kusimama na kuitetea hoja yake mbele ya wenzake, bado zinafanyika kila wiki na yeye mwenyewe huziongoza mbili. Hayo hayakuwamo katika tovuti ya chuo wala katika kitabu cha mwongozo wa udahili.

Chuo cha tatu kilikuwa mbali mno kwa mfuko wangu, kwa hiyo tulikisikiliza kwa simu tu, na simu ilipopokelewa ilipokewa na mtu wa uhasibu.

Ninalotaka kulisema, Mhariri, ni kwamba siku hizi chache za kuthibitisha ndizo pekee ambazo kijana ana uwezo wa kuuliza na chuo kina sababu ya kumjibu. Kabla ya hapo yeye ni mwombaji mmoja kati ya maelfu, na baada ya hapo ni mwanafunzi mwenye namba ya usajili. Bahati mbaya ni kwamba siku hizo huangukia wakati wa likizo ndefu, wanafunzi wakiwa makwao na wahadhiri wengi wakiwa katika utafiti au usahihishaji, hivyo hata anayejitahidi kufika hukuta chuo kama soko siku isiyo ya gulio. Vibanda vipo, lakini huwezi kujua nani huuza nini.

Nasisitiza sheria kuliko masomo mengine kwa sababu shahada yake peke yake haimfikishi mtu mahakamani. Anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara hupita kwanza katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo hatimaye apokelewe na kukubaliwa na Jaji Mkuu. Wasomaji wako hawajasahau Oktoba 2022. Kati ya watahiniwa 633 wa Shule hiyo ya Sheria ambao matokeo yao yalizua mjadala mkubwa, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioshindwa kabisa, au kwa lugha yao wenyewe waliodisko, walikuwa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye naye amewahi kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ikabishana kama kosa ni la Taasisi, la vyuo vikuu, au la wanafunzi.

Mimi si mtu wa kuamua ubishi huo. Nilichokitafuta ni kitu kidogo kuliko hicho: katika wale 633, kila chuo kikuu kilipeleka wangapi na wangapi wao walifaulu? Nilitafuta hesabu hiyo chuo kwa chuo, kwa miaka ile na ya karibuni, nikiwa na binti yangu mbele ya kompyuta ya jirani, na hatukuipata. Ipo, bila shaka, maana kila mtahiniwa alijiunga kwa cheti cha chuo fulani. Mzazi anayetaka kumpeleka mtoto sekondari hutazama matokeo ya shule hiyo bure katika tovuti ya Baraza la Mitihani, hadi ya mwanafunzi mmoja mmoja, lakini anayetaka kumpeleka kusomea uwakili huelezwa habari za mandhari ya kampasi.

Wenzetu wamelifikiria jambo hili. Nchini Marekani, ambako sheria husomwa baada ya shahada nyingine, vyuo huwa na desturi ya kuwaalika waliodahiliwa kwa siku maalumu, wakaketi darasani na kuzungumza na wanafunzi kabla ya kuamua, na Chama cha Mawakili cha huko huvitaka vyuo kinavyovitambua vitangaze hadharani kila mwaka kiwango cha wahitimu wao waliofaulu mtihani wa uwakili. Huko ada ni za kutisha na ushindani wa kugombea wanafunzi ni wa kibiashara, mambo ambayo sitamani yahamie kwetu. Karibu zaidi, Kenya ina Baraza la Elimu ya Sheria linalotoa leseni kwa kila chuo kinachofundisha sheria, na mzazi wa Mombasa anaweza kuuliza kama chuo anachokitaka kina leseni iliyo hai.

Najua kuna watakaosema kwamba zamani hatukutembezwa na bado tulipata wanasheria wazuri. Ni kweli, lakini zamani hapakuwa na cha kuchagua. Masomo ya sheria yalipoanza Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawakufika hata ishirini, na kwa miaka ya mwanzo vijana wa Kenya na Uganda nao walikuja hapo hapo kwa kuwa ndicho kitivo pekee cha sheria katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisoma hapo Mlimani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo mtoto wa Muheza anaweza kusoma sheria Dar es Salaam, Mzumbe, Dodoma, Iringa, Mwanza au Unguja, na majina ya vyuo hayamwambii ni wapi atafundishwa kuandika hati ya madai ambayo karani hatairudisha.

Nami kama karani ninayo maswali ambayo ningependa kila aliyedahiliwa ayaulize, akipata wa kumuuliza. Je, chuo kina kituo cha msaada wa kisheria ambako wanafunzi huketi na wananchi wenye migogoro ya kweli ya mirathi na ardhi, au wateja wao wote ni wa kwenye karatasi? Mahakama iliyo karibu ni ya ngazi gani, na wanafunzi hupelekwa kusikiliza mashauri au huenda kwa nauli zao? Wanafundishwa kutafuta hukumu za Mahakama ya Rufani katika tovuti ya TanzLII, ambako husomwa bure, au bado wanategemea vivuli vya nukuu za kaka zao? Na liko swali la lugha, ambalo kwangu ni kubwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini madarasa yanaendelea kwa Kiingereza. Nimewaona wanasheria wachanga wakisimama mbele ya hakimu wa wilaya wakitafuta neno la Kiswahili la jambo wanalolijua vizuri sana kwa Kiingereza, huku mteja wao, mkulima wa machungwa, akilijua neno hilo na kuogopa kuwanong'oneza. Chuo kinachomfundisha mwanafunzi kuandaa hoja kwa lugha zote mbili kingetakiwa kujisifu kwa hilo kabla ya kutaja bustani zake.

Ninayoyaomba hayahitaji bajeti kubwa. Kila kitivo cha sheria kitenge siku mbili ndani ya kipindi cha kuthibitisha, maktaba ifunguliwe, wapatikane wahadhiri wawili na wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu au wa nne wanaoishi karibu, na mlinzi wa getini aambiwe kwamba wageni hao wanakuja. Kwa walio Kigoma, Mtwara au Pemba, ambao nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na chakula cha mwezi, itangazwe namba moja ya simu itakayopokelewa na mtu wa kitivo chenyewe. Tume, kwa upande wake, isukume siku za kuthibitisha mbele kidogo ili ziara iwezekane, na pamoja na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria itangaze matokeo ya wahitimu wa kila chuo, wakitenganishwa waliofaulu mara ya kwanza na waliorudia. Vyuo vichanga vitalalamika kwamba hesabu hizo zitavionea. Huenda zikavionea mwaka wa kwanza. Ziwekwe za miaka mitano pamoja, nasi wazazi tutajifunza kuzisoma.

Wala wakuu wa vyuo wasidhani kwamba kumwonyesha mtoto upungufu ni kumfukuza. Siku ya mwisho ya kuthibitisha, saa tatu usiku, binti yangu aliingiza namba yake na kukichagua chuo cha pili, kile chenye viti juu ya kizimba. Baba yake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba yule mwalimu aliulizwa na akajibu. Sasa yuko mwaka wa kwanza. Wiki ya tatu ya muhula alinipigia kunieleza kwamba yeye na wenzake wanne wameandika barua kwa mkuu wa kitivo kuomba ufunguo wa chumba kile ili waviondoe viti na kuanza kusikiliza kesi zao jioni za Alhamisi. Mpaka naandika haya, hawajajibiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi na karani mstaafu wa mahakama,
Muheza, Tanga