Mwanaidi, kabla hujafunga mabegi

Assalam alaykum shoga yangu,

Umzima? Watoto je? Huku Tanga hatujambo sote, Mama anakusalimia, Bi Zuhura kashaozesha, na vituko vya harusi ile sikupi kwa barua. Salma kaniambia unakuja kutoka Dubai baada ya Idi, nikasema niandike mbio kabla mizigo haijajaa. Ukiniona kimya kirefu halafu kurasa mbili, ujue kuna la kuombwa.

Nataka kuunda kompyuta ya mezani, isiyopiga kelele na itakayonifaa miaka. Hii niliyo nayo feni yake inanguruma hadi msikilizaji mmoja kaniuliza kama hadithi zangu nazirekodia kwenye mashine ya kusaga. Nafunga madirisha kwa ajili ya bodaboda, nazima pangaboi, jasho linanichuruzika, halafu yenyewe ndiyo inaanza!

Dukani nilikwenda. Yule kijana kang'ang'ana kunipa boksi la vioo lenye taa za rangi na kadi kubwa ya grafiki. Mimi nasoma hadithi, gemu nacheza na nani? Kelele zinatokana na joto. Kisichochemka hakihitaji kupepewa. Kwa hiyo nimechagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya AMD Ryzen 5 7600, ya wati 65. Picha inatoa yenyewe, kwa hiyo kadi siitaki wala feni zake. Tena AMD wameahidi kuendelea na soketi ya AM5, pale prosesa inapokaa, hadi 2027 na zaidi, basi huko mbele naweza kubadilisha prosesa nikaiacha madabodi, ile bodi kubwa ya ndani, palepale.

Hamisi ananishawishi nipooze kwa maji. Maji yana pampu, pampu ina mlio wake, na ikifa ndiyo basi tena. Kipoza cha hewa kikizingua ni feni tu, unachomoa unaweka nyingine. Nitafutie kipoza cha Noctua NH-U12S, dhamana miaka 6, lakini boksi liwe limeandikwa AM5, maana ya zamani yalitoka bila vyuma vya kukifunga kwenye soketi hiyo.

Boksi la kompyuta nitalipata hapahapa, sikubebeshi. Ninalolitaka ni lenye feni pana za milimita 140: zinazunguka polepole na hewa inapita ya kutosha. Mbili mbele ziingize, moja nyuma itoe, na mbele kuwe na chujio la kuchomoa na kuosha. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halipenyi kwenye nyufa. Vumbi letu unalijua.

Ila roho yangu yote ipo kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Umeme wa mtaani kwetu ukikatika unarudi kwa kishindo, na dukani wananiuzia kitu kimeandikwa wati 600, ukikishika mkononi chepesi, ukichungulia matunduni huoni cha maana. Hicho kikiungua hakiondoki peke yake. Niletee Seasonic Focus GX, wati 550 au 650 inatosha, wasikuuzie ya 1000. Dhamana yake miaka 10, na mzigo ukiwa mdogo feni yake inasimama kabisa. UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ninayo.

Pa kuhifadhia mafaili ni SSD ya terabaiti 1, diski isiyo na kinachozunguka, hiyo naagiza Dar. Diski ya zamani inayokwaruza nitaichomeka siku za kuhifadhi nakala tu.

Nirudi kwenye pawa saplai, usinichoke. Waya zake zote ziwe ndani ya boksi lake. Akikwambia muuzaji "chukua hizi za kampuni nyingine, zinaingia", kataa. Zinaingia kweli, ila umeme unaweza kwenda tundu lisilo lake, na hapo madabodi na SSD vyote kwaheri. Hamisi anasema nimezidisha woga. Yeye simu yake anachaji kwa waya wa kufunga na gundi, wa kumsikiliza nani?

Sasa niambie. Bado unapita kule Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed, kwenye maduka ya kompyuta? Begi lako kilo ngapi, na mama mkwe kashachukua ngapi? Dhamana ya huko mtu wa Tanga anaidai vipi? Pesa nimpe kaka yako au nikutumie mwenyewe? Na unakaa wiki ngapi safari hii, au ndiyo yale yako ya kuja na kuondoka hata pweza hatujala?

Wako,
Rukia