Panya kupona si mgonjwa kupona

Mhariri,

Wiki iliyopita, hapa Kayole, nilimkuta jirani akikata tembe ya glibenklamidi, dawa ya kisukari, kwa kisu cha jikoni ili ampe mumewe aliyepatwa na kiharusi, ambaye hana kisukari, kwa kuwa alisikia kwamba dawa hiyo huzuia ubongo kuvimba. Habari hiyo ina chanzo: mwaka 2006 watafiti wa Marekani walieleza jinsi dawa hiyo, kwa kuziba njia inayopitisha chumvi, na maji yanayoifuata, katika seli zilizokosa damu, ilivyopunguza uvimbe na vifo miongoni mwa panya. Lakini panya hao walizibwa mshipa kwa makusudi, saa ikijulikana. Mgonjwa anayeamka amepooza upande mmoja hajui kiharusi kilianza saa ngapi. Jaribio kubwa kwa binadamu, CHARM, lililochapishwa mwaka 2024, lilitumia dripu, si tembe, na halikuonyesha kwamba wagonjwa walipona vizuri zaidi. Tembe hiyo hushusha sukari mwilini, na sukari ikishuka mno huudhuru ubongo uleule tunaotaka kuuokoa. Naomba neno “panya” liwekwe kwenye kichwa cha habari, si katika aya ya mwisho (ambayo, tuseme ukweli, wengi wetu hatuifikii).

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi