Shukrani kwa Wote Mliotusaidia Kumsindikiza Babu Yetu

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu babu yetu, askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani mlioshirikiana nasi kwa hali na mali, tangu alipoanza kuugua mpaka tulipomlaza katika nyumba yake ya milele. Matanga yameanuliwa, wageni wa mbali wamerejea makwao, na nyumba imekuwa na ukimya ambao hatujauzoea.

Kwanza kabisa tunawashukuru wauguzi wa wodi aliyolazwa. Mlimwita Afande mpaka siku ya mwisho. Hata alipokuwa hawezi tena kuinua kichwa, mkisema "Afande, habari za asubuhi," aliunyoosha mkono ubavuni kama mtu aliyeambiwa mguu sawa. Mliliona hilo, mkaendelea kumwita hivyo. Mungu awabariki sana.

Msibani wengi wenu mlisema hamkuwahi kumsikia akisimulia vita. Hata sisi wa nyumbani hatukumsikia. Tuliunganisha vipande tu: kwamba alikuwa tayari jeshini majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kwamba alivuka Mto Kagera wakati daraja la Kyaka limeshalipuliwa, kwamba alikwenda kwa miguu, Mutukula, Masaka, na Aprili 1979 akawa miongoni mwa walioingia Kampala. Ukimdadisi zaidi alijibu, "Tulikwenda, tukarudi," kisha akavuta buti zake na kuanza kuzipiga kiwi. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alivaa koti lake, akakaa karibu na redio bila kusema neno mpaka matangazo yaishe.

Lakini kila usiku alituhesabu. Likizo zikifika tulilala wajukuu 11 sebuleni kwake, tumebanana kwenye mikeka. Babu aliingia na tochi, akaielekeza sakafuni ili mwanga usitupige usoni, akapita akigusa kila mguu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Usiku mmoja akapata 10. Akahesabu tena, 10. Aliamsha nyumba nzima, mikono ikimtetemeka. Binamu yetu mdogo alikuwa amejiviringisha chini ya meza, usingizi mzito. Babu alipomwona alikaa chini palepale, akamshika mguu, na hakuuachia mpaka kulipokucha.

Bibi ndiye aliyetueleza, miaka mingi baadaye. Jioni moja, ng'ambo ya mto, waliitwa kuhesabu namba, na mwenzake wa kulia hakuitika. Asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai kwa kikombe kimoja. Tangu hapo babu hakuweza kulala kabla ya kuhakikisha watu wake wametimia. Tunaandika haya kwa ruhusa ya bibi, maana tunaona mliomzika mnastahili kujua mlimzika mtu wa namna gani.

Wazee wetu mliotumikia naye, mlisafiri usiku kucha na bereti zenu mmezifunga kwenye magazeti, mkazivaa mlipofika getini. Mlipopiga saluti pale kaburini, mmoja wenu ameegemea fimbo, wengi wetu ndipo tulipolia kwa mara ya kwanza. Hatuna cha kuwalipa.

Vijana wa mtaa mliochimba kaburi mvua ikiwanyeshea. Akina mama mlioshika jiko siku nne bila kupumzika. Jumuiya yetu na kwaya. Mwenyekiti wa mtaa. Na wewe uliyeleta turubai na viti ukakataa malipo, asanteni. Wapo waliotuma rambirambi kwa simu wakaomba radhi kwamba ni kidogo. Tafadhali msiombe radhi. Kila kilichoingia tulikiandika kwenye daftari, na bibi alisomewa majina yote, moja baada ya jingine, naye aliitikia kila jina.

Si rahisi kumtaja kila mmoja. Kama ulifika ukakosa pa kukaa, au ulitaka kumsemea babu neno na nafasi ikakupita, tunakuomba utuwie radhi, tulikuwa tumechanganyikiwa.

Usiku wa mazishi tulilala wote pale kwake, wengine varandani. Mjukuu mkubwa alichukua tochi ya babu, akapita taratibu, mwanga chini. Tulikuwa 34. Akaenda kumwambia bibi, ndipo bibi akakubali kulala.

Misa ya arobaini itafanyika hapo hapo nyumbani kwake, asubuhi. Nyote mnakaribishwa, na wazee wetu wa kikosi, viti vya mbele vitakuwa vyenu.

Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.