Treni imerudi Moshi, njia za viwandani je?

Ndugu Mhariri,

Tangu treni ya abiria ianze tena kufika Moshi, Desemba 2019, na Arusha mwaka uliofuata, gumzo la reli huku kwetu ni nauli na saa ya kuwasili. Yadi ya mizigo haitajwi. Kilichopotea pale ni njia ya pembeni, ile reli fupi inayochepuka stesheni na kuingia hadi mlangoni pa kiwanda.

Penye njia hiyo, gunia la kahawa iliyokobolewa hubebwa mara moja tu, toka stoo hadi ndani ya behewa. Pasipo nayo hupanda lori, hushushwa, hupandishwa tena. Kila safari ina ujira wake na magunia yake yaliyochanika. Gunia ni kilo 60, kwa hiyo behewa la tani 30 humeza magunia 500.

Kabla ya gunia la kwanza kuna ukaguzi. Behewa lililotoka kubeba mbolea au mapipa ya mafuta halifai, maana kahawa hunyonya harufu na mwonjaji huikuta kikombeni. Mtu huingia ndani mchana kweupe, hufungiwa mlango, kisha hutazama juu: penye tundu la mwanga ndipo mvua ya Korogwe itakapopita. Magunia hupangwa kuanzia ncha zote mbili kuja katikati ili bogi, yaani seti mbili za magurudumu chini ya behewa, zibebe sawa. Shehena ikilalia upande mmoja, gurudumu la upande mwepesi hupanda reli kwenye kona, na behewa likaanguka.

Halafu kushanti, yaani kusogeza na kupanga mabehewa yadini, kazi isiyotaka haraka. Kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, kokoto moja ikikwama kati ya ulimi (kipande cha reli kinachosogezwa kugeuza njia) na reli, ulimi haushiki. Bogi ya mbele hufuata njia hii, ya nyuma njia ile. Breki za hewa hujaribiwa hadi behewa la mwisho. Koki moja ya bomba la hewa ikisahauliwa imefungwa katikati ya treni, mabehewa yote ya nyuma yake hayana breki, na dereva atalijua hilo kwenye mteremko wa kwenda Kahe.

Kontena ndilo lililovunja mpango huu. La futi 20 huingia magunia 320, hupakiwa kiwandani, hutiwa sili na kupanda lori moja kwa moja hadi bandarini. Yadi isiyo na kreni ya kuliinua hulitazama likipita. Viwanda navyo vilizimika. General Tyre ya Arusha ni mfano ambao kila mtu anaujua. Reli isiyopitiwa haisubiri: tope hufukia mataruma ya chuma yanayoshikilia reli, kutu huyala kutoka chini, bolti huishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Wanaopanga matumizi ya ardhi za stesheni zetu mbili wabakize mambo matatu: njia moja ndefu ya kutosha treni nzima ya mizigo, sakafu ya zege inayostahimili kontena lenye shehena, na barabara ambayo lori litaingia na kutoka bila kurudi kinyumenyume. Pointi za kuingilia zisiguswe kabisa. Zikishang'olewa na tuta likajengewa maduka, hata kiwanda kikifufuka hakitakuwa na pa kuunganishia.

Msomaji wenu,
Moshi