Risala ya Chama cha Fizikia kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Sayansi, Kisumu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Chama cha Fizikia tunakukaribisha Kisumu kwa moyo mkunjufu. Tulipoarifiwa kwamba atakayetuzuru ni mtafiti wa fizikia ya nadharia anayechunguza mchanganyiko wa nyutrino, yaani chembe ndogo mno zisizo na chaji ya umeme, na ulinganifu wake, tuliamua kuusomea utafiti huo muhula mzima, ili tusikulaki kwa nyimbo na makofi tu.

Mheshimiwa, nyutrino zipatazo bilioni 65 kutoka kwenye Jua hupita katika kila sentimita mraba kila sekunde, na usiku hutufikia kutoka chini ya miguu yetu, zikiwa zimeipenya dunia nzima. Mwanafizikia Wolfgang Pauli alizibashiri mwaka wa 1930, nao Reines na Cowan wakazithibitisha mwaka wa 1956. Lililotugusa zaidi ni kwamba nyutrino zinazozaliwa katika angahewa zilinaswa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1965 ndani ya migodi miwili ya dhahabu, mmoja wa Kolar nchini India na mwingine wa East Rand, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2 chini ya ardhi, ambako mwamba huzuia karibu chembe nyingine zote zitokazo juu. Baadhi yetu kwetu ni Kakamega, ambako dhahabu ilichimbwa Rosterman, lakini hatukuwahi kufikiri kwamba mgodi unaweza kuwa maabara.

Kuna aina tatu za nyutrino: ya elektroni, ya muoni na ya tau. Mtambo wa Super-Kamiokande nchini Japani mwaka wa 1998, na baadaye ule wa Sudbury nchini Kanada, ulionyesha kwamba aina moja hugeuka nyingine safarini, jambo lisilowezekana iwapo nyutrino zote hazina uzito. Kila aina ni mchanganyiko wa nyutrino tatu zenye uzito tofauti, na kiasi cha mchanganyiko huo huelezwa kwa pembe tatu.

Kwa nini pembe hizo ziwe vile zilivyo? Baadhi ya wananadharia hutafuta jibu katika ulinganifu, yaani hali ya kitu kubaki vilevile kinapogeuzwa. Hapa ndipo tulipokaa kwa majuma mengi. Mwenzetu wa kidato cha tatu alikata karatasi ya manila, akaunda piramidi yenye nyuso nne za pembetatu sawa, akazitia ncha zake rangi nne. Tuliizungusha mezani tukihesabu, tukapata njia 12 za kuizungusha ikakaa kama ilivyokuwa, pamoja na ile ya kutoigusa kabisa. Mizunguko hiyo kwa pamoja ndiyo wanahisabati huiita kundi la A4, ambalo Ernest Ma na G. Rajasekaran walilitumia mwaka wa 2001 katika nadharia ya nyutrino. Mwaka uliofuata Harrison, Perkins na Scott walipendekeza mpangilio wenye pembe za digrii 35.3, 45 na sufuri, na wananadharia wakaonyesha jinsi unavyoweza kuchipuka kutoka kwa A4.

Mwaka wa 2012 majaribio ya Daya Bay nchini China yalilinganisha nyutrino zilizopimwa karibu na vinu vya nyuklia na zilizopimwa mbali, yakakuta upungufu wa takriban asilimia 6 kwa zile za mbali. Pembe iliyodhaniwa kuwa sufuri ilikuwa karibu digrii 9. Kwa maoni yetu, hiyo ilikuwa heri kubwa, kwani pembe hiyo ingekuwa sufuri, majaribio yanayoandaliwa sasa, kama DUNE ya Marekani na Hyper-Kamiokande ya Japani, yasingeweza kuchunguza kama nyutrino na antinyutrino, yaani chembe pacha zilizo kinyume chake, hubadilika kwa namna tofauti. Nao wananadharia hawakuutupa ulinganifu, bali wanatafuta jinsi unavyovunjika.

Mheshimiwa, silabasi yetu hutufundisha kutafuta kinyume cha matriki ya mbili kwa mbili, ilhali mchanganyiko wa nyutrino huhitaji ya tatu kwa tatu, tena yenye namba changamano. Tunaomba utufundishe nadharia ya makundi, hata kwa wikendi moja tu, na utusaidie kupata vitabu vya hisabati hiyo pamoja na kompyuta moja ya kufanyia hesabu. Walimu wetu wako tayari kuketi nasi darasani.

Piramidi ya manila iko mezani mbele yako. Tunakuomba uizungushe, kisha utueleze ni mzunguko upi unaoutumia zaidi katika kazi yako.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Fizikia.