Kashata Bado Zipo, Ila Tairi Limeshachoka

Matairi ya bei nafuu yanafaa kwenye gari dogo, au ni kutupa hela? Hatumalizi wiki hapa gereji bila kuulizwa swali hili, na anayeuliza huwa anataka aambiwe ndiyo au hapana. Sisi tunauza ya bei ya chini, ya kati na ya juu, kwa hiyo hatuna sababu ya kuyapamba wala kuyaponda. Yanafaa, ila kwa masharti, na masharti yenyewe si yale ambayo wateja wengi huyatarajia.

Wengi wanaogopa kwamba tairi la bei nafuu litalika upesi. Tunachokiona kwenye magari yanayorudi kwetu mwaka hadi mwaka ni kinyume: mara nyingi haliliki kirahisi. Linakakamaa, na mwenye gari anaendelea kulitembelea kwa sababu kashata, yaani ile michoro ya mpira inayokanyaga barabara, bado anaziona kwa macho yake.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata zenye kina cha milimita 7 hadi 8 hivi. Ukichungulia ndani ya mifereji yake utaona vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani. Kashata zikilika hadi kulingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6, na nchi nyingi zimeweka hapo ukomo wa kisheria. Kipimo hiki ni kizuri na tunakitumia kila siku. Ila kinapima kina cha mifereji tu. Hali ya mpira wenyewe hakiigusi.

Mpira unavyozeeka

Mpira wa tairi ni mchanganyiko: mpira wa asili na wa kutengenezwa, kaboni nyeusi, mafuta, salfa, dawa za kuzuia nyufa, na kwenye matairi mengi ya kisasa, silika, yaani unga laini wa madini. Silika ilianza kutumika kwa wingi kwenye matairi ya magari madogo miaka ya 1990, na faida yake kubwa ni kwamba tairi linashika barabara iliyolowa bila kulifanya gari liwe zito kwenda na kula mafuta. Mchanganyiko mzuri ni ghali. Anayetengeneza tairi la bei ya chini hana budi kubana mahali fulani, na mahali pepesi pa kubana ni hapo, kwa sababu mnunuzi akiwa dukani hawezi kupaona.

Tairi likishatoka kiwandani, joto, jua na oksijeni havilali. Mafuta yaliyomo hupungua, dawa huisha nguvu, mpira unakuwa mgumu hata kama gari limeegeshwa. Na kuegesha sana kuna madhara yake, maana dawa ya kuzuia nyufa husogea kuja usoni mwa mpira pale tairi linaponyumbuka barabarani. Ndiyo maana gari linalokaa nyumbani wiki nzima huota nyufa za ubavuni mapema kuliko teksi ya rika lake.

Hapa ndipo gari dogo linapojiingiza kwenye mtego wake. Ni jepesi, injini yake haina nguvu za kusugua matairi, na wenye nayo wengi wanalitumia kwenda kazini na kurudi. Kashata zinachukua miaka kuisha. Mpira wa bei nafuu unakuwa mgumu kabla kashata hazijafika nusu. Teksi inayotembea mchana na usiku inamaliza kashata mpira ukiwa bado laini, kwa hiyo dereva wake hajui hata tunachokizungumzia. Ukituuliza, anayetembea kilomita chache ndiye mwenye sababu zaidi ya kuchagua mpira mzuri, ingawa wengi hudhani ni kinyume chake.

"Usiyaguse, bado mapya hayo"

Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alituletea gari lake dogo akiwa na malalamiko mawili. Linavuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, na mvua ikinyesha linateleza akishika breki kwenye makutano. Alishaambiwa kwingine kwamba beringi za mbele zimekwisha. "Fundi, wewe angalia beringi na breki. Matairi usiyaguse, bado mapya hayo."

Tulipima kashata: milimita 5, zote nne. Kwa kipimo hicho alikuwa na haki ya kusema alivyosema. Tukazungusha magurudumu hewani kwenye jeki, beringi kimya. Basi tukahamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, tukaenda naye barabarani, na ule uvumaji ukahamia nyuma. Beringi hazihami, matairi ndiyo yanayohama. Jaribio hili halichukui muda, na kabla ya kununua beringi yoyote ni vizuri ulidai kwa fundi wako.

Kisha tukamwomba abonyeze kucha ya kidole gumba kwenye kashata. Kwenye tairi jipya tuliloliweka pembeni, kucha ilizama kidogo, ikaacha alama, kisha alama ikapotea. Kwenye la kwake kucha iliteleza kama anakwangua kisigino cha kiatu. Tukafungua mfereji mmoja kwa vidole: chini kabisa, pale ambapo uchafu hujificha, kulikuwa na nyufa nyembamba zilizofuata mzunguko wa tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, ilisomeka 1117, maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2017. Yeye aliyanunua mwishoni mwa 2019 kama mapya, na kweli yalikuwa hayajawahi kufungwa kwenye gari lolote. Yalikuwa yamekaa stoo tu, yakizeeka kwa gharama yake.

Tairi la nyuma kushoto lilipotolewa kwenye rimu, ndani mlimwagika unga mweusi. Huo ni mpira uliosagika kwa sababu tairi limetembea muda mrefu likiwa na upepo mdogo, na ubavu wake ulikuwa umeshaanza kulegea. Kwa nje lilikuwa safi kuliko mengine yote.

Kwa nini hukugundua mapema

Siku ya jua barabara kavu hulisamehe tairi gumu. Mvua hailisamehi. Breki zako zinaweza kuwa mpya, lakini kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke; kulisimamisha gari ni mpira kung'ang'ania lami, na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, haiongezi mshiko, inagawa ule uliopo. Isitoshe, umbali wa breki hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, umbali wa breki huwa karibu mara mbili hata kwa tairi zuri. Mjini, kwa mwendo wa pole, tairi lililokakamaa linakuficha siri yake. Linaitoa siku utakayokuwa na haraka na barabara imelowa.

Kabla hujalipa

Tarehe kwanza. Tarakimu nne za mwisho za DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Maandishi hayo kamili huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoyaona ligeuze. Kwa tairi la bei nafuu sisi hatukubali kuchukua lililozidi mwaka mmoja na nusu tangu litengenezwe, na mteja anayetaka kusoma kabla hatujafunga tunampa asome mwenyewe.

Halafu saizi, nayo isomwe hadi mwisho. Kwenye 175/65 R14 82T, watu husoma hadi 14 wakaishia hapo. Ile 82 ni uwezo wa kubeba, kilo 475 kwa tairi moja, na T ni mwendo wa juu wa kilomita 190 kwa saa. Kuna matairi ya saizi inayokaribiana yenye 79, ambayo ni kilo 437. Yanaingia kwenye rimu vizuri tu, bei yake inavutia, na hayafai kama gari lako limeandikiwa 82. Abiria wanne na mizigo ya safari havijui kwamba ulipata punguzo.

Matairi mengi pia yana maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE, yanayotokana na kanuni za Marekani. TREADWEAR ndiyo namba ambayo wauzaji hupenda kukuonyesha: 400, 500, kubwa zaidi ni bora. Namba hiyo ni ya kustahimili kulika, na mtengenezaji hujipangia mwenyewe kutokana na vipimo vyake, kwa hiyo kulinganisha kampuni moja na nyingine kwa namba hiyo ni kazi ya kubahatisha. Sisi tunaangalia kwanza TRACTION, inayohusu kushika breki kwenye maji: AA ndiyo ya juu, kisha A, B na C. Tairi lenye TREADWEAR kubwa na TRACTION ya B ni lile lile tulilomkuta nalo yule mama. Kama tairi lina lebo ya Umoja wa Ulaya, ni rahisi zaidi, maana tangu Mei 2021 mshiko kwenye maji umepangwa kwa herufi A hadi E, na mwenye gari dogo hana haja ya kushuka chini ya C.

Kuhusu matairi ya mtumba ya kampuni kubwa, ambayo wateja wengi hutuuliza kama mbadala: jipya la bei nafuu lenye tarehe ya karibuni tunalipendelea. La mtumba hujui liligonga nini, lilitembea na upepo kiasi gani, wala nani aliliziba na wapi. Na kama hela inatosha mawili ya bei ya juu au manne ya bei nafuu, huku yaliyopo yote ni vipara, chukua manne yanayofanana.

Ukinunua mawili tu, yafungwe nyuma. Hapa tunabishana na wateja kila mara, kwa kuwa gari dogo huvutwa na magurudumu ya mbele na mtu anataka mapya yawe pale penye kazi. Lakini mbele ikiteleza, gari linagoma kukata kona, unapunguza mwendo, linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha.

Yakishafungwa

Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa ya baridi, angalau mara moja kwa mwezi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, mara nyingi 44 PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) au zaidi, ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako. Wapo wanaojaza hadi hapo wakidhani wanaokoa mafuta, na matokeo yake katikati ya kashata panalika na mabega, yaani kingo zake za pembeni, yanabaki. Upepo mdogo hufanya kinyume, unakula mabega yote mawili. Bega moja tu likilika, hiyo si habari ya upepo, ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa.

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 tunabadilisha ya mbele na ya nyuma, tunabalansi upya, na hapo hapo tunapitisha kucha na tochi kwenye mifereji. Matairi ya bei nafuu huomba vyuma vya balansi, vile vidogo vya kusawazisha gurudumu linapozunguka, vingi kidogo kuliko mengine. Vingi kidogo si tatizo. Vikijaa rimu upande mmoja, tunalitoa tairi, tunalizungusha kwenye rimu na kujaribu tena, na likikataa linarudishwa tulikonunua kabla halijafika kwako.

Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama linang'aa. Kwa ya bei nafuu yanayoegeshwa juani, sisi tunaanza ukaguzi huo mwaka wa tatu, na ikifika wa tano kwa kawaida tunamwambia mteja aanze kuweka hela pembeni. Hesabu yako ifanye hivyo pia: gawa bei kwa miaka, usigawe kwa kilomita. Ukifanya hivyo, tairi la bei ya kati mara nyingi hulikaribia la bei nafuu, na wakati mwingine hulipita kwa unafuu. Kama unatembea sana, barabara ni kavu na mwendo ni wa pole, la bei nafuu litakulipa vizuri. Kama unasafiri barabara kuu wakati wa mvua na familia ndani, tutakushauri la kati hata kama hukuja kulitafuta.

Ukaguzi wetu unahusu tarehe, kina cha kashata, ugumu wa mpira, upepo na ubavu wa ndani, ule usioonekana mpaka gari lipande juu ya jeki. Tukimaliza tunakuandikia hali ya kila tairi kwenye karatasi, ukanunue kwetu au kwingine. Ukija, toa mizigo kwenye buti mapema, kwa sababu tutataka kuliona na tairi la spea. Spea nyingi za magari madogo zina umri wa gari lenyewe, na hazina upepo.